Banjo: kiegemeo cha mkono kiwe juu kiasi gani? Kucha zinagonga ngozi ya banjo, na mkono unakufa ganzi

BintiChumbageni (Lexington, Kentucky)

Habari zenu wote, na shikamoo kwa wakubwa.

Nina swali la banjo ya nyuzi tano, ile yenye bakuli la mbao mgongoni. Najua wengi humu ni watu wa gita, udi na kinanda, lakini nimewahi kuona maswali ya banjo yakijibiwa kwa makini, nikaona nilete langu badala ya kuendelea kubahatisha.

Mimi ni wa Tanga, huu ni mwaka wa saba nipo Lexington. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Banjo niliijulia kwa mzee mmoja niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake. Kusimama alikuwa hawezi tena, lakini ukimpakatisha banjo vidole vinafunguka kama vya kijana. Muziki huu, bluegrass, huku ndiko kwao: Bill Monroe, mwasisi wake, alizaliwa Rosine, magharibi ya jimbo hilihili, na mpiga banjo Earl Scruggs wa North Carolina alipojiunga na kundi lake mwishoni mwa 1945 ndipo upigaji wa vidole vitatu ulipoanza kusikika kila mahali. Huo ndio ninaojifunza: dole gumba, cha shahada na cha kati vinapiga, kidole cha pete na kidogo vimetua kwenye ngozi, ule uso wa mbele wa banjo, karibu na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi. Mzee alinifundisha karibu miaka miwili. Alifariki Novemba, na wanawe wakanikabidhi banjo yake.

Sasa tatizo. Nikipiga taratibu, sauti inatoka safi. Nikiongeza kasi kidogo, kucha za chuma ninazovaa vidoleni zinaanza kugonga ngozi, tk, tk, katikati ya noti. Nimejirekodi kwa simu jikoni, nikahesabu tk tatu ndani ya mzunguko mmoja wa mapigo manane. Halafu kuna jambo la pili: kwenye uzi wa nne, ule uliozungushiwa waya, nasikia mkwaruzo kama mtu anapitisha ukucha kwenye zipu. Nyuzi nyingine hazina hilo.

La tatu ndilo linaloniogopesha. Ukingo wa kiegemeo unanikata nyama ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, na unaacha mstari mwekundu ambao bado upo naingia zamu saa tano usiku. Wiki iliyopita kidole kidogo na cha pete vilikufa ganzi nikiwa namgeuza mgonjwa kitandani. Mikono hii ndiyo inayonilisha.

Niliikunja kanga mikunjo minne nikaiweka juu ya kiegemeo. Tk zikaisha palepale na mkono ukatulia, ila nikawa naukosa uzi wa kwanza, kidole kinapita hewani. Na mkwaruzo wa uzi wa nne haukuondoka hata chembe.

Vipimo: ngozi ni ya inchi 11, ndoano zinazoibana zipo 24. Daraja lina urefu wa milimita 16. Kutoka kwenye ngozi hadi mgongo wa kiegemeo ni milimita 15. Kiegemeo ni bamba la chuma lililopindwa, lina miguu miwili inayokalia pete ya chuma inayoizunguka ngozi, na kila mguu unabanwa kwa skrubu kwenye ndoano yake. Upande wa mkiani, nyuzi zinapofungwa, nikeli imelika na shaba ya chini inaonekana, pale mkono wa mzee ulipokuwa unalala. Mimi mkono wangu ni mfupi, haufiki hapo vizuri.

Nilipeleka duka moja la ala hapa mjini. Kijana aliangalia kama nusu dakika, akasema vyote ndivyo vilivyo, ninunue kipya cha dola 60. Sitaki kipya. Nataka hiki kinikae. Kiwe juu kiasi gani, na nitajuaje kwamba nimefika?

GitaKavu (Nairobi)

Pole sana dada kwa kumpoteza mwalimu wako.

Mimi nilitoa kiegemeo kabisa mwaka jana na sijakirudisha. Kwanza banjo ilipumua, sauti ikaongezeka kidogo, na hakuna chuma kinachokukata. Ukiona bado kucha zinagonga ngozi, weka daraja refu zaidi. Ya milimita 16 ikitoka ukaweka ya 17 na nusu, nyuzi zinapanda na unapata nafasi. Daraja ni bei ya chini sana ukilinganisha na hizo dola 60.

PapaUvira (Louisville, Kentucky)

Jambo dada yangu. Sisi ni majirani, kutoka kwako mpaka kwangu ni mwendo wa saa moja na kidogo tu.

Mimi nilikuwa mtu wa gita tangu Uvira, kule Kongo, na hii banjo niko nayo miaka minne. Nakuomba usikimbilie urefu kwanza. Soma tena maneno yako mwenyewe: kanga iliondoa tk, lakini mkwaruzo ulibaki. Basi hayo ni magonjwa mawili, hayana dawa moja. Tk ni ya urefu. Mkwaruzo ni ya mahali kiegemeo kinapokaa kwenye duara.

Fanya hivi. Shika banjo kama unapiga, kisha angalia chini, tazama kigasha chako kinaingia kwa njia gani. Kiegemeo kikiwa mbali sana upande wa mkiani, mkono unakuja umelala, unaelekea karibu njia moja na nyuzi. Kidole kikijikunja, ukucha wa chuma hauukati uzi, unateleza kwa urefu wake. Uzi laini unanyamaza, lakini uzi wa nne una waya umezungushwa, na kila mzunguko wa waya ni kama jino la msumeno. Ndiyo ile zipu yako.

Mzee wako alikuwa na mkono mrefu, si ndiyo? Yeye aliweza kulaza mkono kule nyuma na bado akapinda kifundo, vidole vikaja wima juu ya nyuzi. Wewe wa mkono mfupi ukilala pale alipolala yeye, hakuna kilichobaki cha kupinda.

Sogeza kiegemeo ndoano moja kuelekea shingo. Ndoano 24 kwenye ngozi ya inchi 11, kutoka moja mpaka nyingine ni kama sentimita 3 na nusu. Inaonekana kidogo, lakini mkono utaingia kwa pembe nyingine kabisa. Piga uzi wa nne peke yake mara ishirini, usikilize. Ukiona kiwiko kinainuka na bega linapanda mpaka sikioni, umezidisha, rudi.

Mimi nilipoteza mwaka mzima nikinunua kucha za aina hii na aina ile, kumbe ni sentimita 3.

MzeeWaKisauni (Mombasa)

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mwalimu wako.

Mimi kazi yangu ni udi, lakini banjo nimezifungua kadhaa, na chuma ni chuma. Aliyosema ndugu wa Louisville ni kweli tupu, anza na hilo. Kwa huyu kijana wa Nairobi naona tofauti. Ukitoa kiegemeo, mkono unalalia pete yenyewe, na pete ni nyembamba kuliko bamba, itakata zaidi. Jasho nalo litaingia kwenye ndoano na nati. Na ukiinua daraja kwa ajili ya mkono wa kulia, umeinua nyuzi juu ya shingo yote, mkono wa kushoto ndio utalipa. Daraja ni la mwisho kuguswa, na liguswe kwa ajili ya sauti.

Sasa urefu. Hakuna namba nitakayokupa ikawa yako, maana sijauona mkono wako. Lakini umekwisha jitengenezea kipimo bila kujua: ile kanga. Uliiweka mikunjo minne. Rudi uanze na mmoja. Weka kanga kavu, mkunjo mmoja, laza mkono, kaa kidogo mpaka kitambaa kishuke. Usipige bado. Acha kiganja kining'inie kama cha mtu aliyelala. Kisha shusha kidole kidogo mpaka kiguse ngozi kandokando ya daraja. Kikifika chenyewe, na kifundo kimejiinua kidogo kama mgongo wa paka anayejinyoosha, upo. Ikibidi ukisukume kifike, upo juu mno, ndiyo maana ulikuwa unaukosa uzi wa kwanza. Ikiwa kiganja kizima kimelalia ngozi, upo chini mno, na kucha hazina pa kwenda ila kugonga.

Ukipata mkunjo unaokaa, pima. Usipime kanga ikiwa imevimba. Acha mkono palepale juu yake, mwite mtu apitishe rula kutoka kwenye ngozi hadi chini ya mkono wako. Toa milimita 15 zako. Kinachobaki ndicho unachotakiwa kuweka chini ya miguu ya kiegemeo, na nina hakika kitakuwa kidogo kuliko unavyofikiri. Mikunjo minne ya kanga ilikuwa kuruka ukuta.

Kujaza chini ya miguu, mimi hutumia mkanda wa ngozi wa zamani, ule uliokwisha kuvaliwa ukalainika. Ngozi mpya inanywea baada ya mwezi na utarudi kulekule. Kata vipande viwili kutoka pahala pamoja pa mkanda ili unene ulingane. Mguu mmoja ukizidi mwingine bamba litapinda, na lawama utaitupia mkono.

Jambo moja nakusihi. Unapofungua, fungua skrubu ya kiegemeo peke yake. Nati za ndoano usiziguse, hizo ndizo zinazobana ngozi ya banjo, na ukilegeza moja sauti ya pale inalala. Ikiwa mguu umebanwa na nati yenyewe, basi weka alama ya penseli kwenye nati kabla hujaizungusha, fanya mmoja, urudishe penye alama, ndipo uende wa pili. Ukimaliza gonga ngozi kwa ncha ya kidole karibu na kila ndoano, kote kote. Sikio lako litakwambia palipolegea.

Na chini ya bamba, kati yake na ngozi, pitisha karatasi. Ikikwama, bamba linaigusa ngozi na linaizima.

MkonoSalama (Dar es Salaam)

Dada, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nitasema machache kuhusu ganzi tu.

Kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi kwa pamoja, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, ule ambao ukigonga kiwiko mezani unasikia kama umeme. Unashuka na upande wa kidole kidogo mpaka kiganjani. Ukiubana kwa kitu chembamba na kiwiko kimekunjwa, unalalamika. Kitambaa kinapunguza makali ya ukingo, lakini ukiendelea kulalia palepale bado unaubana. Kwa hiyo kusogeza kiegemeo kutakusaidia mara mbili, maana mguso utahama.

Wakati unarekebisha, usizidishe dakika 15 bila kusimama. Nyoosha kiwiko, tikisa kiganja. Na uangalie mkanda wa begani: banjo ya bakuli ina uzito wa kilo 5 hivi, na mkanda ukiwa mrefu shingo inaanguka, mkono wa kulia unaibana banjo mwilini bila wewe kutambua. Hapo utakuwa unaegemea kwa nguvu, na kiegemeo kizuri namna gani kitakukata.

Ganzi ikirudi usiku umelala, au ukiona unadondosha vitu, acha kupiga umwone daktari. Kwa kazi yako ya kuinua watu, usilichukulie kirahisi.

BintiChumbageni (Lexington, Kentucky)

Wazee wangu, kaka zangu, nimechelewa kurudi siku tisa kwa sababu nilifanya jambo moja moja kama mlivyonielekeza. Mzee wa Kisauni, shikamoo tena.

Kwanza mkanda wa begani. Niliufupisha matundu mawili, kisha nikaachia mikono yote miwili: banjo ikabaki palepale. Kabla ya hapo ukiachia, shingo ilikuwa inashuka hadi gotini. Hilo tu lilipunguza nusu ya mstari mwekundu.

Pili, kusogeza. Papa Uvira, nilikaa na bisibisi mkononi muda mrefu. Kiegemeo kile kimekaa pale miaka sijui mingapi, na ile shaba iliyotokeza ni mkono wa mzee. Nilipiga picha kwanza, nikaifungua skrubu. Chini ya mguu mmoja nikakuta kipande cha kitambaa kizito cha sufu, cheusi, kimebanwa hadi kimekuwa kigumu kama ganda. Chini ya mguu wa pili hakuna kitu, ila vumbi jeusi na alama ya gundi. Kumbe mzee naye alikuwa amejaza! Kitambaa kimeliwa na miaka, upande mmoja umeanguka wote, na bamba lilikuwa limelala kuelekea upande niliokuwa naegemea mimi. Ule ukingo ulionikata ndio upande ulioanguka. Nusu dakika ya yule kijana wa dukani haikutosha kuona hilo, na miezi yangu mitatu haikutosha pia kwa sababu sikuwahi kuinamisha kichwa nikaangalia chini yake.

Nilisogeza ndoano moja. Uzi wa nne mara ishirini, nikajirekodi. Zipu imepungua sana, haijaisha. Nikajaribu ndoano ya pili, bega likapanda vilevile kama ulivyosema, nikarudi. Kilichobaki nadhani ni ukucha wa kidole cha shahada, nimeugeuza kidogo kwenye kidole ili uso wake ukutane na uzi sawasawa. Leo asubuhi nimepiga dakika 10 nikasikia mkwaruzo mara moja tu, nilipochoka.

Tatu, kanga. Mkunjo mmoja, kidole kidogo hakikushuka chenyewe, kiganja kilikuwa kimelala. Mikunjo miwili, kikashuka. Nilikaa pale kimya bila kupiga, nikakiangalia kinashuka na kugusa ngozi pembeni ya daraja kama kimeitwa. Mwanangu akapima kwa rula ya shule: milimita 19. Kwa hiyo nilihitaji milimita 4, basi. Ile mikunjo minne ya mwanzo ilikuwa imenipeleka karibu mara mbili ya hapo.

Mkanda wa ngozi nilipata duka la nguo za mitumba, dola 2, umelainika vizuri. Unene wake ni milimita 2, nikaweka vipande viwili viwili kila mguu. Nati za ndoano sikuzigusa. Karatasi inapita chini ya bamba bila kukwama.

Kuna tatizo lililozuka baadaye, naliandika kwa faida ya atakayefuata njia hii. Nilipomaliza kubana, kila nikipiga uzi wa tatu ukiwa wazi, ile G, kuna kitu kilikuwa kinavuma, zzzz fupi. Noti nyingine hakuna. Nilidhani nimeharibu ngozi. Nikawa napiga G huku nagusa kitu kimoja kimoja kwa kidole: mkia, ndoano, nati, bamba. Nilipogusa kipande kidogo cha chuma ambacho skrubu inakibana, sauti ikakatika. Kwa kuwa miguu imepanda milimita 4, kile kipande kilikuwa kinashika ndoano kwa ncha tu. Nilikata tyubu ya baiskeli ya mwanangu iliyokwisha toboka, kipande kama ukucha wa kidole gumba, nikakiweka kati ya chuma na ndoano, nikabana. Kimya.

Jikoni jana: mzunguko uleule wa mapigo manane, kasi ileile, mara kumi mfululizo. Tk moja katika zote kumi. Mstari mwekundu hakuna. Ganzi haijarudi tangu Jumatano ya wiki iliyopita, na nimekuwa nasimama kila dakika 15 kwa saa ya simu.

Kaka wa Nairobi, asante, daraja sijaligusa.

MzeeWaKisauni (Mombasa)

Umefanya kazi safi mwanangu. Baada ya mwezi zikaze tena skrubu mbili hizo, robo mzunguko tu, ngozi ya mkanda itakuwa imeshuka kidogo. Na kile kipande cha kitambaa cha mzee usikitupe.

BintiChumbageni (Lexington, Kentucky)

Sijakitupa. Nimekiweka kwenye bahasha ndogo, kipo mfukoni mwa kasha la banjo pamoja na kucha zake za chuma, ambazo ni kubwa mno kwangu. Nimeandika kwenye kalenda nikaze skrubu tarehe 14 mwezi ujao.

Papa Uvira, Alhamisi jioni huwa tunakaa watu watano sita kwenye kibaraza cha jirani yangu hapa, banjo, gita na fidla. Ukipata nafasi, njoo na yako.

PapaUvira (Louisville, Kentucky)

Alhamisi ya juu ya hii niko huru. Nakuja na banjo, na mke wangu ataleta sambusa.